Muamala wa Kariakoo katika daftari la Tandika: uchambuzi wa kisa cha muktadha wa ujumbe katika huduma ya Java

Mhasibu wa tawi la Tandika aligoma kusaini taarifa ya siku. Fedha zilizohesabiwa kwenye droo zilikuwa pungufu kwa kiasi kilekile cha rejesho moja la mkopo, na alipompigia simu mwanachama ambaye mfumo ulidai kuwa amelipa pale, alijibiwa kwamba mama huyo hajawahi kukanyaga Tandika. Alilipia Kariakoo, kama afanyavyo kila mwezi. Kariakoo nako keshia alikuwa na ziada asiyoweza kuieleza. Kabla kitengo chetu hakijaambiwa lolote, keshia wa Tandika alikuwa ameshaandikiwa barua ya kujieleza, na mazungumzo ya kumkata mshahara yalikuwa yameanza.

Mfumo wenyewe ulikuwa wa chama kimoja cha akiba na mikopo chenye matawi kadhaa. Programu ya keshia ilituma ujumbe wa SOAP (muundo wa XML wenye kichwa na kiini) kwa huduma moja iliyokaa makao makuu, huduma iliyoandikwa kwa JAX-WS, yaani utaratibu wa Java wa kuandika huduma za SOAP, na kuendeshwa na Metro, programu inayoutekeleza utaratibu huo, juu ya seva ya Tomcat, katika Java 8. Vijana wanaoanza kazi leo huiona teknolojia hii kama gofu, na wana sababu: iliingia katika Java SE 6 mwaka 2006, ikaondolewa katika Java 11 mwaka 2018, na tangu Jakarta EE 9 ya mwaka 2020 hata majina ya vifurushi vyake yamebadilika kutoka javax kuwa jakarta. Hata hivyo, mifumo ya fedha haihami kwa sababu ya mitindo, na yeyote anayeshika mfumo wa namna hii atakutana na mambo haya, iwe kwa Metro au kwa mwenzake Apache CXF.

Kiini cha ujumbe kilibeba namba ya mwanachama, kiasi na aina ya malipo. Namba ya tawi na jina la keshia havikuwa humo. Vilikaa katika kichwa cha SOAP, kwa kuwa vilihitajika katika operesheni zote na aliyeusanifu mfumo hakutaka kuvirudia katika kila moja. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kilichosoma kichwa hicho kilikuwa klasi ndogo inayokutana na ujumbe kabla haujafika kwenye huduma na kukutana tena na jibu linapotoka, klasi ambayo sisi kazini huiita hendla. Ujumbe ulipoingia, hendla ilisoma tawi. Jibu lilipotoka, iliandika mstari mmoja katika daftari la miamala: namba ya rejea, tawi, saa.

Saa ndiyo iliyotusumbua kwanza. Mhasibu alisema malipo yalifanyika saa nne na robo asubuhi, stakabadhi iliandika 10:15, na faili la kumbukumbu la seva, ambayo saa yake ilifuata UTC, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu, lilionyesha 07:15. Tulipoteza muda tukisoma mistari ya saa nyingine kabisa mpaka mmoja wetu alipokumbuka kutoa saa tatu. Baada ya hapo jambo moja lilijitokeza, nalo lilitufaa kuliko yote yaliyofuata: miamala yote iliyohama tawi ilikuwa marejesho ya mikopo. Hakukuwa na amana hata moja. Amana huandikwa na kumalizika mara moja, ilhali rejesho la mkopo hulazimisha huduma kupiga upya hesabu ya ratiba nzima ya deni, kazi inayochukua muda mrefu zaidi katika hifadhidata. Aliyekuwa akidhurika, basi, alikuwa yule anayekawia ndani.

Tukafungua hendla. Hii ndiyo sehemu yake yenye kisa, nikiwa nimeacha yasiyohusika:

```
public class HendlaYaTawi implements SOAPHandler<SOAPMessageContext> {

    private String tawi;

    public boolean handleMessage(SOAPMessageContext mc) {
        Boolean inatoka =
            (Boolean) mc.get(MessageContext.MESSAGE_OUTBOUND_PROPERTY);
        if (!inatoka) {
            tawi = somaTawi(mc);
        } else {
            daftari.andika(somaRejea(mc), tawi);
        }
        return true;
    }
}
```

Msomaji mzoefu ameshaiona kasoro katika mstari wa tatu, penye uga wa `tawi`, yaani nafasi ya klasi ya kuhifadhia thamani. Hendla haiundwi upya kwa kila ombi. Mnyororo wa hendla hujengwa mara moja kwa huduma nzima, na nyuzi zote zinazohudumia maombi, yaani mikondo ya kazi inayokwenda sambamba ndani ya seva, hupita katika nakala ileile. Fuata hatua kwa hatua: ombi la Kariakoo linaingia na uga wa `tawi` unakuwa Kariakoo, huduma inaanza kuhesabu ratiba ya deni, hesabu ikiwa haijaisha, amana ya Tandika inaingia na uga uleule unakuwa Tandika, amana inamalizika na kuandikwa Tandika, sawasawa kabisa, kisha rejesho la Kariakoo linatoka, linaukuta uga ukisema Tandika, nalo linaandikwa Tandika. Anayetangulia kuingia na kuchelewa kutoka huvaa jina la aliyeingia nyuma yake. Hakuna kosa linalotupwa wala onyo linaloandikwa, na ndiyo maana kasoro iliweza kukaa humo mpaka ikakutana na mhasibu asiyekubali kusaini asichokielewa.

Vipimo vya JAX-WS, yaani waraka rasmi wa kanuni zake, havikunyamaza juu ya jambo hili. Vinasema kuwa hendla zinaweza kuwekwa katika dimbwi, yaani akiba ya nakala zilizo tayari, na kutumiwa kwa zamu, kwamba nakala yoyote inaweza kuchaguliwa kushughulikia ujumbe wowote, kwamba nakala tofauti zinaweza kutumika kwa ombi na kwa jibu lake, na kwamba hata nyuzi tofauti zinaweza kutumika ndani ya mnyororo mmoja. Kwa maneno mengine, mwandishi wa hendla hakuahidiwa kwamba atakachokiweka katika uga wakati wa kuingia atakikuta wakati wa kutoka. Aliahidiwa kitu kingine: muktadha wa ujumbe, yaani `MessageContext`, ambao ni ramani ya majina na thamani inayosafiri na mazungumzo hayo mahususi, ombi pamoja na jibu lake, na ambayo hendla zote za mnyororo huishiriki.

Majaribio yetu yalikuwa mengi na yote yalipita, kwa kuwa kila jaribio lilituma ombi moja na kungoja jibu. Tulitaka kwanza kurusha maombi elfu kadhaa kwa pamoja tukitumaini kwamba mawili yatagongana, lakini jaribio linalotegemea bahati litapita siku ambayo bahati haipo. Tuliandika lingine dogo lenye nyuzi mbili na `CountDownLatch` moja, kizuizi cha Java kinachoushikilia uzi mpaka uruhusiwe: huduma ya jaribio inalishika ombi la kwanza ndani mpaka ombi la pili limepita kwenye hendla, ndipo inaliachia. Lilishindwa mara ya kwanza, ya pili na ya kumi, bila kukosa. Hapo ndipo barua ya kujieleza ya yule keshia ilipofutwa.

Sehemu inayofuata naiandika kwa aibu kiasi, maana saini ya kuidhinisha ilikuwa yangu. Mwenzetu mmoja alipendekeza kuuondoa uga na kutumia `ThreadLocal`, yaani kila uzi uwe na kisanduku chake, ili nyuzi mbili zisiweze kuandikiana. Ilionekana safi. Jaribio letu jipya lilipita. Tukaipeleka kwenye mfumo unaotumika, na kwa wiki kadhaa mahasibu walisaini taarifa zao bila neno.

Mwisho wa mwezi, riba ya akiba iligawanywa. Kazi hiyo hufanywa usiku na programu ya makao makuu inayoiita huduma ileile, lakini bila kichwa cha tawi, kwani makao makuu si tawi. Hendla yetu ilikuwa imeandikwa hivi: kichwa kikiwapo, weka thamani yake kisandukuni, kisipokuwapo, endelea. Tomcat haiui uzi ombi linapokwisha. Huurudisha katika dimbwi, ambalo kwa chaguo-msingi lina nyuzi hadi 200, na kuupa ombi jingine. Uzi uliohudumia Kariakoo mchana uliingia usiku kugawa riba ukiwa bado umebeba Kariakoo kisandukuni. Asubuhi yake riba ya wanachama ilikuwa imetawanyika katika madaftari ya matawi yote, na hapakuwa na mpangilio wowote unaosomeka, kwa sababu kila mstari ulitegemea uzi upi ulikuwa wapi jana yake.

Nasema hivi baada ya kulifikiria sana: tiba hii ilikuwa mbaya kuliko ugonjwa. Kasoro ya uga ilihitaji maombi mawili yapishane katika muda mfupi, na ushahidi wake ulikuwa wa karibu. Aliyedhurika na aliyedhuru walikuwa wameachana kwa sekunde. Kasoro ya kisanduku cha uzi iliweza kubeba jina kutoka saa tano asubuhi hadi saa saba usiku, na jaribio lolote linaloanza na seva mpya halitaiona, kwa kuwa visanduku vyote bado ni vitupu. Ni kweli kwamba tungeweza kukisafisha kisanduku kila ombi linapokwisha, lakini vipimo havihakikishi kwamba uzi ulioingia ndio utakaotoka, kwa hiyo hata usafi huo ungekuwa wa kukopa.

Tukarudi kwenye muktadha wa ujumbe, na huko nako tulijikwaa. Hendla iliweka tawi katika ramani, mstari wa daftari ukaandikwa sawa, lakini huduma yenyewe, ambayo sasa ilitaka kulijua tawi ili ikatae marejesho yanayozidi kiwango cha tawi husika, ilipouliza ilipata `null`, yaani hakuna kitu. Mwenzetu aliyekuwa akiandika alikaribia kurudi kwenye kisanduku, akisema muktadha haufiki kwenye huduma. Unafika. Kila thamani katika muktadha ina upeo wake, nao ni wa aina mbili: `HANDLER`, inayoonekana na hendla peke yake, na `APPLICATION`, inayoonekana pia na huduma. Chaguo-msingi ni ya kwanza. Mstari mmoja ulikosekana:

```
if (!inatoka) {
    mc.put("chama.tawi", somaTawi(mc));
    mc.setScope("chama.tawi", MessageContext.Scope.APPLICATION);
} else {
    daftari.andika(somaRejea(mc), (String) mc.get("chama.tawi"));
}
```

Upande wa huduma, muktadha hupatikana kupitia `WebServiceContext` inayopachikwa kwa alama ya `@Resource` katika uga wa klasi. Hapa mwanafunzi mmoja wa mafunzo kwa vitendo aliuliza swali zuri kuliko yote ya kisa hiki: kama uga ndio uliotuponza, mbona huu nao ni uga, na klasi ya huduma nayo ni moja kwa nyuzi zote? Jibu ni kwamba kinachokaa katika uga huo ni mlango, wala si data. Kila unapoita `getMessageContext()`, mlango hukuonyesha ujumbe unaohudumiwa wakati huo katika uzi huo. Kwa hiyo ni halali kuuweka mlango katika uga, lakini ni haramu kuuita mara moja mwanzoni na kuhifadhi ulichokipata. Na ukichungulia ndani ya Metro au CXF utakuta kwamba mlango wenyewe umejengwa kwa `ThreadLocal`, kitu kilekile nilichotoka kukilaani. Tofauti ni kwamba wao ndio wanaoendesha mzunguko mzima wa ombi, wanajua linaanza wapi na kuisha wapi, nao huweka na kuondoa mahali pamoja.

Ujenzi huo wa ndani una athari inayoonekana, nasi hatukuikwepa. Baada ya malipo huduma humtumia mwanachama ujumbe mfupi wa simu, wenye jina la tawi, na kazi hiyo ilikuwa imekabidhiwa uzi wa pembeni ili keshia asingoje. Uzi huo ulipouliza muktadha, Metro ilitupa `IllegalStateException`, ikieleza kwamba muktadha huulizwa tu wakati ombi likihudumiwa. Tulisoma tawi kabla ya kukabidhi kazi na kulipitisha kama hoja ya kawaida. Nililipenda kosa hilo: lilipiga kelele, tofauti na yale mawili yaliyotangulia.

Tukiwa humo ndani tuligundua upungufu ambao hakuna aliyekuwa ameulalamikia. Daftari liliandikwa katika `handleMessage` peke yake. Huduma ikitupa kosa, kinachoitwa wakati wa kutoka ni `handleFault`, na ya kwetu ilikuwa ikirudisha `true` tu. Miamala iliyokataliwa haikuacha alama yoyote. Tuliandika pande zote mbili, na kazi za kufunga tukazihamishia katika `close`, ambayo huitwa mazungumzo yanapokwisha, yawe yameisha kwa heri au kwa shari. Ujumbe usio na kichwa cha tawi sasa hukataliwa mlangoni kwa `SOAPFaultException`, na programu ya riba hutuma neno MAKAO katika kichwa hicho. Ukimya wa ile programu ndio uliokuwa umeifungulia kasoro mlango.

Namna ya kukisoma kichwa pia ilibadilika. Mwandishi wa kwanza aliita `getMessage()`, akaipata `SOAPMessage` nzima, akaipekua mpaka kichwani. Njia hiyo hulazimisha ujumbe wote kujengwa kama mti kumbukumbuni, hata kama ni taarifa ya mwezi yenye maelfu ya mistari na unachokitaka ni neno moja la juu. `SOAPMessageContext` ina njia yake, `getHeaders`, inayopewa jina la kichwa na `JAXBContext`, kifaa cha kugeuza XML kuwa vitu vya Java, na katika Metro hukitoa kichwa bila kuujenga ujumbe wote. `JAXBContext` hiyo tuliiunda mara moja na kuiweka katika uga, safari hii bila hofu, kwani ni salama kwa nyuzi nyingi, tofauti na `Unmarshaller` zinazotoka ndani yake.

Palikuwa na hendla ya pili ambayo iliumwaga kila ujumbe unaoingia, kichwa na kiini, katika faili la kumbukumbu, pamoja na namba za vitambulisho vya taifa na za simu. Iliwekwa wakati wa majaribio na kusahauliwa. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, faili la namna hiyo si uzembe wa kiufundi tu. Tuliiondoa, lakini si siku hiyohiyo, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Upande wa wateja nitaupitia kwa haraka, ingawa nao ulikuwa na lake. Programu moja ya kupokea malipo ya simu ilitumia wakala mmoja wa huduma, yaani kitu kinachoiita huduma kwa niaba ya programu, kwa nyuzi zake zote, na kila uzi uliandika tawi katika muktadha wa ombi, `getRequestContext()`, kabla ya kuita. JAX-WS haiahidi kwamba wakala huyo ni salama kwa nyuzi nyingi, na kilichoandikwa katika muktadha wake hubaki mpaka kiandikwe kingine au kiondolewe. Ombi linalofuata hulirithi. Ni kisa kilekile kikiwa kimevaa kanzu nyingine. CXF ina sifa ya `thread.local.request.context` inayompa kila uzi muktadha wake, lakini baada ya yaliyotupata hakuna aliyetaka kuisikia. Tuliwaomba wenye programu watengeneze wakala mpya kwa kila uzi kutoka katika `Service` moja, kwani gharama kubwa iko katika kuisoma WSDL, faili la maelezo ya huduma, na kuijenga `Service`. Kumtoa wakala ni nafuu.

Ikabaki kuyasahihisha madaftari. Hakuna hesabu ambayo ingeweza kutuambia kutoka kwenye hifadhidata tawi la kweli la kila mstari, kwa kuwa hifadhidata ilikuwa imeandikiwa uongo. Kilichotuokoa ni lile faili la kumbukumbu tulilolitaka life: kila ujumbe ulioingia ulikuwa humo na kichwa chake, kabla ya hendla kuuvuruga. Tuliandika programu fupi ya kulinganisha namba ya mwanachama, kiasi na saa, tukakumbuka kutoa saa tatu, tukapata orodha ya miamala iliyohama na mahali ilipotoka. Kila sahihisho liliingizwa kama muamala mpya wa kurekebisha, wenye saini ya wahasibu wawili, na mstari wa zamani haukuguswa. Hapo ndipo hendla ya kumwaga ujumbe ilipoondolewa na mafaili yake kufutwa.

Miamala miwili ya zamani zaidi ilikosekana, kwani mafaili ya siku hizo yalikuwa yameshafutwa kwa utaratibu wa kawaida wa seva. Yalikuwa marejesho mawili ya asubuhi moja, yote yakidaiwa kuwa ya Tandika. Mhasibu aliingia stoo, akatoka na kitabu cha stakabadhi cha mwezi ule, akapitisha kidole kwenye nakala za kaboni moja baada ya nyingine. Moja ilikuwamo. Nyingine haikuwamo, na alipowapigia Kariakoo waliisoma kwenye simu, namba kwa namba, kutoka katika kitabu chao. Akaandika rejea zote mbili kwa kalamu, akasaini.